Usiiuze TV ya Mama

"Shangazi, mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Kehancha na mke wangu na watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 3. Mama yetu ana miaka 68. Baba alitutoka miaka sita iliyopita. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo ndiye niliyebaki na mama bomani. Kaka zangu wawili wako Nairobi, dada yetu ameolewa ng'ambo, upande wa Tarime. Zamani tulilima tumbaku, lakini baba alipofariki tuliiacha, sasa tunapanda mahindi na maharagwe.

Miaka mitatu iliyopita, tulipovuta stima, nilimnunulia mama TV na king'amuzi nikamwekea nyumbani kwake. Sasa najuta. Jioni anafungia kuku mapema, anapika mapema, halafu anakaa. Habari, kisha tamthilia, kisha nyingine ya kigeni iliyotiwa Kiswahili, hadi saa tano. Anasogea mpaka karibu aguse kioo. Sauti anaiweka juu hata mke wangu anasikia kila neno akiwa kwetu. Watoto wote huhamia huko. Ndama wetu amempa jina la Zora, yule wa tamthilia. Yule Dida wa Sultana alipofariki, mama alikaa siku mbili bila kula vizuri, majirani wakaja kutuuliza tumefiwa na nani. Asubuhi anawasimulia watoto mambo ya jana usiku kwa Kikuria, hata aliyelala mapema anayajua yote. Tena kuna mhubiri anamfuata Jumapili usiku, na mwezi uliopita nimeona kwenye simu yake ametuma shilingi 3,000 mara mbili za sadaka ya kupanda mbegu.

Kaka zangu wanasema niiuze TV kabla mama hajarukwa na akili. Mke wangu anaunga mkono. Mimi naogopa laana. Je, mama ni mgonjwa? Nifanye nini?"
Kitinda Mimba, Kehancha

Mwanangu, TV usiiuze. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili kaka zako wasije wakakupigia simu kabla hujamaliza kusoma.

Umeniuliza kama mama ni mgonjwa, na ushahidi wako mkubwa ni zile siku mbili za Dida. Winnie Bwire, aliyeigiza Dida katika tamthilia ya Sultana ya Citizen TV, alikuwa mtu wa damu na nyama. Alifariki Septemba 2024 baada ya kuugua saratani ya matiti. Kwa hiyo mama yako alimlilia mwanamke kijana aliyekuwa akiingia nyumbani kwake jioni baada ya jioni, na aliyekufa kwa ugonjwa ambao wanawake wengi wa rika la mama yako huogopa hata kuutaja. Papa Shirandula wa runinga, yaani mwigizaji Charles Bukeko, alipofariki Julai 2020, katikati ya korona, watu wazima walimlilia kutoka Busia alikozikwa hadi Mombasa. Kilio kile kilikuwa kilio cha kawaida, na hiki cha mama yako ni hicho hicho.

Kuhusu ndama sina la kusema. Kwenu ng'ombe ana jina tangu enzi za babu zako. Zora ni jina zuri.

Mimi nilikulia enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijarudi kuitwa KBC mwaka 1989. Kijijini kwetu TV ilikuwa moja, ya mwalimu, nyeusi na nyeupe, ikila betri ya gari. Betri hiyo ilibebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuchajiwa, na ilipoanza kuisha nguvu picha ilijikunja kutoka pembeni, ikapungua, ikapungua, mpaka watu wakabaki wadogo katikati ya kioo cheusi. Tulinawa miguu kabla ya kuingia. Mtoto mmoja alibaki nje akizungusha antena huku sisi tukimpigia kelele kutoka ndani: "Rudisha! Hapo hapo!" Marehemu mama yangu alikuja nasi kuangalia kichekesho cha Vitimbi. Kila Mzee Ojwang' alipotokea, mama aliuliza swali lile lile: "Huyu ni wa kwa nani?" Alitaka ukoo wake, alitaka kijiji, kwa sababu Kiswahili cha Ojwang' kilikuwa kile cha Wajaluo majirani zetu. Miaka mingi baadaye nilimwambia kwamba mwigizaji yule anaitwa Benson Wanjau na ni Mkikuyu. Alikataa katakata. Mzee huyo alifariki 2015, mama yangu akiwa ameshatangulia, na bado hakuwa amenikubalia.

Mama yangu aliangalia runinga kama alivyoangalia wapita njia. Alitaka kujua mtu anatoka wapi, amezaliwa na nani, na kwa nini ameoa pale alipooa. Nikisoma barua yako namwona mama yako akifanya vivyo hivyo. Ndivyo mtu aliyelelewa katika boma la watu wengi anavyoutazama ulimwengu, na kioo cha TV hakijambadilisha. Kimemletea watu wa kuwauliza.

Sasa nikurudishe kwenye sentensi moja uliyoiandika ukaipita mbio, kana kwamba ni kosa jingine la kuongeza kwenye mashtaka. Umesema asubuhi anawasimulia watoto mambo ya jana usiku kwa Kikuria.

Hebu ipime kazi iliyomo humo. Nadhani Kiswahili cha mama yako kwa miaka mingi kilikuwa cha soko, cha Isebania na Sirari, cha bei na chenji na "punguza kidogo". Leo anafuata Kiswahili cha Pwani kwa nusu saa nzima. Anashika watu ishirini na undugu wao, nani alificha siri na nani aliichungulia, nani anajua kwamba mwenzake anajua. Analala nayo. Kukipambazuka anaivusha hadithi yote hadi kwenye Kikuria, anaipunguza inapomzidi mtoto wa miaka mitatu, na mtoto anaielewa. Mtu anayerukwa na akili haiwezi kazi hiyo. Ungeniambia hakumbuki aliyoyaona jana, au anauliza swali moja mara tano, au amepotea njia ya kwenda kisimani, ningekuambia umpeleke hospitalini leo hii. Umeniambia kinyume chake.

Na watoto wako, wanaosoma shule kwa Kiingereza na Kiswahili, ni wapi kwingine wanakopata kukaa robo saa wakisikiliza Kikuria kilichopangwa vizuri, chenye mwanzo, kitendawili katikati na mwisho unaomfanya mtu asubiri kesho? Huyo mkubwa wa miaka 12 mpe kazi. Amwulize nyanya yake: haya mambo ya urithi yanayogombaniwa kwenye tamthilia, kwetu zamani yangeamuliwaje? Binti akikataa mchumba aliyechaguliwa, wazee walifanya nini? Halafu aandike majibu kwenye daftari. Nina hakika daftari hilo litajaa kabla ya muhula kuisha.

Lakini kuna jambo linaloniuma zaidi katika barua yako, na halimhusu mama.

Umesema mlikuwa wakulima wa tumbaku. Wanawake wa Migori na Kuria nimewaona wakati wa kukausha majani. Moto wa banda ukishawashwa hauachwi. Kuni zinaongezwa usiku kucha, joto likishuka majani yanaharibika, na pamoja nayo karo ya mwaka mzima. Mtu anakesha, anapokewa, analala kidogo, anarudi. Mama yako amekesha misimu mingapi? Hakukesha peke yake. Alikuwapo baba yenu, mlikuwapo nyinyi, alikuja jirani aliyekuwa na zamu kwenye banda lake. Mahindi yalichomwa kwenye makaa yale yale na maneno yakasemwa mpaka alfajiri. Mmeiacha tumbaku na ninawapongeza. Tangu 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa yakiwasaidia wakulima wa Migori kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma, na wengi hawatamani kurudi kwenye ule moshi. Ila maharagwe hayakeshewi. Ukishayaanika na kuyapiga, unakwenda kulala. Mume hayupo. Binti yuko ng'ambo ya mpaka. Wana wawili wako Nairobi. Usiku wa mama ulikuwa umebaki mtupu kabla hujaja na ile TV.

Ukailipia, ukaiunganisha, ukamwonyesha kitufe cha rimoti, ukatoka ukaenda nyumbani kwako. Nimeitafuta katika barua yako nzima sentensi inayosema uliwahi kukaa naye kuiangalia. Sikuiona. Unajua anakaa saa ngapi na analala saa ngapi, unajua sauti iko juu kiasi gani, lakini hukuniandikia hata neno moja kuhusu anachokipenda ndani ya hizo hadithi. Hujui. Sikulaumu kuliko ninavyowalaumu kaka zako, maana wewe uko hapo, unaishi naye. Lakini hujui.

Turudi kwenye kioo na sauti. Mke wako ana haki ya kulalamika, kusikia kila neno la tamthilia usiyoifuata ni mateso. Ila mwanangu, mama wa miaka 68 anayesogea mpaka karibu aguse kioo huenda haoni vizuri. Mtoto wa jicho huanza taratibu, mwenyewe hasemi, anasogeza kiti tu. Na anayeweka sauti juu hivyo huenda masikio yamepungua nguvu. Wewe umeyasoma hayo yote kama ulevi wa TV. Yasome kama taarifa ya afya. Mpeleke hospitali hapo Kehancha wamtazame macho na masikio, na wakiwa na mashine wampime presha pia, kwa sababu kukaa jioni nzima bila kutembea hakumfai mtu wa umri wake. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi. Na huenda baada ya hapo kiti kikarudi nyuma chenyewe na ugomvi wa sauti ukaisha bila mtu kugombana.

Pesa ndilo jambo la haraka, nawe umelitaja karibu na mwisho wa barua baada ya ndama na Dida. Shilingi 6,000 kwa mwezi mmoja, kwa mjane anayetegemea mahindi na maharagwe, ni mavuno yanayoondoka. Huyo mhubiri simjui na sitamhukumu. Najua tu namna mambo hayo yanavyokwenda: sauti inashuka, muziki unaingia taratibu, na mtu anakodoa macho kwenye kamera akisema, "Kuna mama mmoja ananitazama sasa hivi, amefiwa, watoto wako mbali." Wamama wangapi wanamtazama ambao hawajafiwa, na ambao watoto wao hawako mbali? Kila mmoja anasikia ameitwa yeye. Kisha namba ya kutuma inapita chini ya kioo.

Usimnyang'anye simu. Usimwombe namba yake ya siri, hiyo ni yake na iendelee kuwa yake. Mpokonye mtu mzima pesa zake kwa kisingizio cha kumlinda, na kesho atatuma kwa kujificha kupitia simu ya jirani. Kaa naye Jumapili hiyo usiku wakati mhubiri anasema. Mwache amalize. Kisha mwulize, kwa upole na bila kumcheka, aliomba nini alipotuma zile pesa. Nina hakika utasikia jina lako, au la kaka zako, au la mume wake. Msikilize mpaka mwisho. Baada ya hapo ndipo umwambie kwamba sadaka ina mahali pake, kwamba kanisani kwenu wanaezeka au wananunua viti, na akitoa pale ataliona bati lake kwa macho yake na kiti chake atakikalia mwenyewe. Mfundishe pia kusoma jina linalojitokeza kwenye M-Pesa kabla pesa hazijaondoka. Akiona jina asilolijua, asimamishe. Mkubaliane kiasi: akitaka kutuma zaidi ya shilingi fulani mahali popote, akuite kwanza. Wewe nawe ukiitwa uende, hata kama uko mezani unakula.

Kuhusu watoto, mke wako nampa sikio. Kazi ya shule imalizike kabla ya saa moja, na wewe ndiye utakayesimamia hilo. Usimtume mke wako kugombana na mama mkwe wake kila jioni mbele ya watoto. Huyo wa miaka mitatu ni mdogo mno kwa runinga ya mpaka saa tano. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua ni heri. Tena anahitaji usingizi. Aone kidogo akiwa mapajani kwa nyanya, kisha abebwe akalale. Hadithi iliyobaki ataipata asubuhi, tena iliyo bora.

Wale wawili wakubwa waangalie tamthilia ya jioni na nyanya yao, sioni ubaya. Kanuni za utangazaji za Kenya zinataka vipindi vya kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kufaa familia nzima, na mambo ya watu wazima yangoje baada ya hapo. Kanuni ni kanuni, watangazaji ni binadamu, kwa hiyo mtu mzima akae nao. Angalieni pia ile alama inayowekwa kwenye kioo kuonyesha umri unaofaa. Ikifika saa nne, watoto warudi kwenu, bila mjadala. Mama asilaumiwe kwa hilo. Yeye si mlinzi wa usiku, na watoto ni wako.

Kuna jambo jingine la mama. Siku moja kwa wiki, sema Ijumaa, mruhusu mama awaalike wenzake. Najua kuna wanawake wa rika lake hapo Kehancha wasio na TV, au walio na TV lakini hawana wa kuangalia naye. Wapikiwe chai. Watagombana kuhusu nani ana makosa, yule mume au yule mama mkwe, na utasikia kicheko ambacho hujakisikia tangu mlipokuwa mkikesha bandani. Mke wako usiku huo apumzike, chai upike wewe.

Kaka zako wa Nairobi waambie haya kutoka kwangu. Aliye mbali hapigi kura ya kuuza kitu cha mama. Wanaoogopa mama atarukwa na akili wampigie simu, mmoja Jumanne na mwingine Alhamisi, saa moja kasoro robo, kabla tamthilia haijaanza. Wasimwulize amekula nini na mvua imenyesha vipi kisha wakakata. Wamwulize hadithi imefika wapi. Dada yako naye, kama upande wa Tarime anaweza kupata kipindi hicho hicho, atapata cha kuzungumza na mama yake kila wiki kuvuka mpaka ambao wakoloni waliupitisha katikati ya watu wenu bila kuwauliza.

Kuhusu laana unayoiogopa, naijua hofu hiyo, na siidharau. Zawadi uliyompa mzazi ukaichukua mbele ya mke na watoto ni aibu inayokaa muda mrefu kuliko TV yenyewe. Lakini nisingependa uiache kwa sababu ya kuogopa laana. Iache kwa sababu ni yake, na kwa sababu ndani ya nyumba ile, saa moja na nusu usiku, kuna mwanamke mwenye akili timamu anayefanya kazi ya kufikiri na hana mwenzake wa kuifanya naye.

Jioni ya leo maliza shughuli mapema. Chukua kiti chako, vuka uwanja, ingia kwa mama kabla muziki wa kufungulia haujapigwa. Usiseme kitu kuhusu sauti. Mtu wa kwanza akitokea kwenye kioo, mwulize mama: huyu ni wa kwa nani?